Seti za kuotesha majani ya viungo dirishani: kwa Dar nimeona mrehani tu ndio unaolipa

Seti niliyoijaribu ni ya shilingi elfu hamsini na tano. Ndani kuna vikopo vitano vya bati, vidonge vitano vya vumbi la makumbi ya nazi, pakiti za mbegu (mrehani, giligilani, pasli, thaimu na rozmari), vibao vya kuandikia majina na karatasi ya maelekezo. Nisingeinunua tena. Chenye thamani humo ni mbegu za mrehani, na hizo unazipata peke yake kwenye duka la pembejeo kwa sehemu ndogo tu ya hela hiyo.

Karatasi yenyewe ndiyo inayoharibu mambo mapema. Inasema weka vikopo kwenye dirisha linalotazama kusini. Hayo ni maelekezo ya Ulaya, ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Dar iko takriban nyuzi 7 kusini mwa Ikweta: kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, miezi iliyobaki ndiyo linahamia kusini, tena karibu na utosini kiasi kwamba haliingii ndani sana. Dirisha la kusini litakaa kivulini Juni nzima. Chagua la mashariki, linalopata jua la asubuhi mwaka mzima. La magharibi si zuri kwa vikopo vya bati. Jua la saa tisa likivipiga, mizizi inaungua humo humo. Na usiviache nyuma ya wavu wa mbu. Wavu unakula mwanga, miche inarefuka, inakuwa myembamba kama uzi, halafu inalala.

Vikopo havina matundu. Toboa manne au matano chini kwa msumari mnene, la sivyo maji yanatuama na mizizi inaoza. Kisahani cha chini kimwage nusu saa baada ya kumwagilia. Mbu wa dengue anataka maji kidogo tu yaliyotulia kwa wiki moja hivi, na jiji hili limeshapata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Zaidi ya hapo, kopo la upana wa sentimita 8 linafaa kuotesha tu. Mrehani ukikua unakausha kopo hilo kwa siku moja. Ndoo ya rangi ya lita 4, iliyooshwa na kutobolewa, ni bora kuliko seti nzima.

Vidonge vya makumbi vinahifadhi maji vizuri lakini havina chakula. Mche ukishatoa majani manne ya kweli (yanayofuata yale mawili ya kuchipulia) huanza kuwa wa njano, na watu huongeza maji wakidhani ni kiu. Uhamishie kwenye mboji sehemu mbili, makumbi sehemu moja na mchanga wa mto sehemu moja. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiuguse. Maji ya kisima nayo yaonje kwanza: ukiona utando mweupe juu ya udongo na ncha za majani zinakauka, chumvi imezidi. Hapo tumia maji ya mvua au ya bomba, na umwagilie mengi yapite hadi chini.

Mrehani unapenda joto letu. Tawanya mbegu, funika kwa udongo usiozidi nusu sentimita, na ndani ya siku 5 hadi 10 zimechipua. Bakiza miche mitatu kwa chombo. Ukifika sentimita 15, kata ncha juu kidogo ya jozi ya majani, pale pale yatatoka matawi mawili. Maua yakichungulia, yakate. Usichume zaidi ya theluthi moja kwa mara moja.

Giligilani ni kazi nyingine. Kile kiduara kimoja ni mbegu mbili, kwa hiyo kiviringishie chupa taratibu kipasuke, kiloweke usiku mmoja, kisha panda kina cha sentimita 1, moja kwa moja kwenye chombo cha kudumu, maana mzizi wake mkuu haupendi kuhamishwa. Ile nzima ya dukani kwa viungo nayo inaota, ilimradi haijakaangwa. Kuanzia Desemba hadi Machi usijisumbue: joto linaifanya ikimbilie maua kabla hujashiba majani. Ipande Juni hadi Agosti, na urudie kila wiki tatu.

Pasli huchukua hadi wiki nne kuota, na wengi huwa wameshaitupa. Thaimu na rozmari kwa mbegu, kwenye unyevu wa Dar? Sahau. Miche ikianguka ghafla huku shina limenyauka pale inapogusana na udongo, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa miche unaochochewa na kubanana na maji mengi. Haiponi, ng'oa, punguza maji.

Ajabu ni kwamba nanaa, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote, haimo kwenye seti. Nunua fungu soko la Kisutu, chagua mashina magumu yaliyo mazima, ondoa majani ya chini, simamisha kwenye glasi ya maji na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili. Mizizi ikifika sentimita tatu, panda.

Kama umeshaletewa seti kama zawadi, angalia mwaka kwenye pakiti, kisha mrehani uusie leo. Giligilani na pasli zifungie kwenye chupa isiyopitisha hewa, uweke kwenye friji hadi Juni, maana unyevu wa hapa unaua mbegu haraka. Vikopo vinafaa kuwekea vijiko.