Chipu ya mapafu: nilikaa nayo wiki mbili hapa Lubumbashi

Yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, alirudi mwezi wa saba kutoka Ubelgiji kwenye anasomea biolojia, akatoa mu mufuko kadude kamoja ka silikoni kenye kuangaza kama kioo, ukubwa wake kama flashi ya kompyuta, akaniambia shika polepole, hayo ni mapafu: chipu yenye kuiga mapafu ya mutu, ya kujaribia dawa. Ilishatumika mu laboratware, seli zote zilishatolewa, lakini bado nzima.

Ndani iko na tunjia tubili twembamba, kamoja juu ya kengine, na katikati utando wenye matundu madogo sana, unene wake mikroni 10 hivi. Pale juu wanapanda seli za mapafu na hewa inapita, chini wanapanda seli za mishipa na maji ya lishe yanapita kama damu. Pembeni kuna tunjia tungine twa kuvuta hewa. Tuliiweka chini ya mikroskopi ya fakilte, yaya akavuta na sindano ile hewa ya pembeni, nikaona utando unatanuka, akiachia unarudi, akivuta tena unatanuka. Inapumua kabisa! Niliomba arudilie mara ine, tano.

Na kupumua njo kazi yake yenyewe. Watafiti Dan Huh na Donald Ingber waliionyesha 2010 kule Harvard, Marekani, halafu 2017 timu ya Ingber ikapanda ndani seli za kanseri ya mapafu, wakaona chipu ikipumua kanseri inakua polepole, lakini dawa rosiletinibu, ya kupiga ile kanseri yenye EGFR (proteini yenye kuambia seli zikue) iliyoharibika, inakosa nguvu kuliko chipu ikikaa bila kutingisika. Wewe fikiria, sahani ya laboratware haipumui, sasa dawa ngapi zilionekana nzuri pale halafu mu kifua cha mutu zikashindwa?

Hiyo inanigusa ju mama mukubwa yangu wa Katuba, hapa Lubumbashi, hakuvuta sigara hata siku moja, alipikia makala (makaa) maisha yake yote, na hospitali moja ilimupatia dawa za kifua kikuu miezi na miezi wakati ilikuwa kanseri. Ile EGFR iliyoharibika inaonekana zaidi kwa batu wasiovuta. Hakuna mwenye alimupima hiyo.

Mabaya yake nayo nayasema. Silikoni inanyonya dawa zingine, kwa hiyo unafikiri umeweka kiasi fulani kumbe seli zimepata kidogo. Askari wa mwili, zile seli za kinga, wengi hawamo. Na bila pompe, etuve (sanduku la kutunza seli mu joto) na kuran (umeme) ya kutokatika seli zinakufa, sisi hapa kuran ikienda saa sita usiku nani atabaki anapompa na mukono? Bei pia si ya fakilte yetu. Marekani sheria ya mwisho wa 2022 imeruhusu kampuni zilete majaribio ya namna hii pahali pa yale ya wanyama, wao kwao inafaa sana.

Mimi naipatia nyota 4 juu ya 5, ile moja naikata ju ya silikoni tu. Yaya ameniachia nionyeshe promosyo yetu, wenzangu wa darasa, mwezi wa kumi, kwa sasa naiweka mu boksi ya miwani ya mama mukubwa, inaenea sawasawa.