Masanduku angavu ya viatu na unyevu wa Mombasa: uzoefu wangu

Raba zangu zilikuwa zimejaa chini ya kitanda, juu ya kabati na nyuma ya mlango, na mamangu alishaanza kuwaambia wageni kwamba nafungua duka. Nikaamua kununua yale masanduku ya plastiki angavu yenye mlango wa mbele unaoshikwa na sumaku, yale yanayopangwa moja juu ya jingine mpaka ukuta mzima ukawa kama kabati la sonara. Niliyapata mjini kwa shilingi 600 moja, na kwa kuwa nilichukua mengi, muuzaji akanipunguzia kidogo.

Yanakuja bapa, unayaunga mwenyewe. Kazi yenyewe si kubwa: pande zinajibana pembeni, kisha unatia mlango kwenye bawaba. Hapo kwenye bawaba ndipo pa kwenda polepole, maana zile pini ni nyembamba, ukizilazimisha zinapasuka. Mawili yalifika na ufa tayari. Moja nilibadilishiwa, la pili nikaambiwa nimelivunja mimi. Sikutaka kugombana, nimelitoa mlango, sasa linakaa brashi na kamba za viatu.

Kwa kupendeza, yanapendeza, sina la kusema. Vumbi haliingii, na asubuhi unaona unachotaka bila kufunua maboksi ya karatasi. Kiatu changu ni namba 44, na raba fupi zinaingia vizuri. Zenye shingo ndefu ndizo tabu: Chuck Taylor zangu zinalazimika kukunja shingo, na zikikaa hivyo zinapata mkunjo usiotoka. Wauzaji hutaja urefu wa sanduku kwa kwenda nyuma, kimo hawakitaji mpaka uulize.

Lakini jambo ambalo picha za mtandaoni hazikuonyeshi ni unyevu. Hapa kwetu hewa ni nzito mwaka mzima, na mvua za mwaka zikishika, Aprili mpaka Juni, hata mkanda wa ngozi uliotundikwa unaota ukungu. Masanduku yana vitundu vya kupumulia, ila viko nyuma. Ukiyabana ukutani umeviziba, na ukuta wangu ni wa mawe ya matumbawe, ambao wenyewe hunyonya maji. Nimeyavuta mbele kiasi cha shubiri moja, na tangu hapo ile harufu ya chumba kilichofungwa imepungua sana.

Ndani ya kila sanduku nimetia kifuko cha silika jeli, ile ya chembe za buluu ambazo zikishiba maji hugeuka waridi. Zikigeuka unazipasha moto mdogo zinakauka na kurudi buluu. Tumia kikaango kibovu ambacho hakitapikiwa tena, kwa sababu hiyo rangi ina chumvi ya kobalti, si kitu cha kukaribisha na chakula. Wengine hutia makaa kwenye kitambaa. Ni rahisi, lakini mimi na raba nyeupe hatuwezi kuaminiana na makaa.

Na usidhani sanduku litaokoa kila kiatu. Raba nyingi za zamani, zikiwemo Air Jordan 3 ya 1988 na 4 ya 1989, zina soli ya kati ya povu la poliurethani. Povu hilo huvunjwavunjwa na maji yaliyo hewani, polepole, hata kama kiatu hakijawahi kukanyaga chini. Nilikuwa na jozi niliyoichagua kwenye mitumba ya soko la Kongowea, kamera kabisa, yaani ile ya daraja la kwanza, juu haina hata mkwaruzo. Siku moja nikabonyeza kisigino kwa kidole gumba, kikabaki na shimo, na unga wa kijivu ukanijaa kuchani. Ndiyo sababu zenye povu la aina hiyo mimi nazivaa, siziweki kama pambo. Wakusanyaji wengi nao husema kiatu kinachotembea huchelewa kuoza. Chuck Taylor, ambazo soli yake ni mpira, hazina ugonjwa huo.

Jua nalo liangalie. Safu yangu ya kwanza ilikuwa mkabala na dirisha, na soli zile za kuona ndani zikaanza kugeuka manjano. Nimeihamishia upande wa pili.

Kuna anayeuliza kwa nini nisinunue rafu ya mabomba yenye kifuniko cha kitambaa, ambayo bei yake ni ndogo zaidi. Kwa anayekaa mbali na bahari labda. Karibu na pwani chumvi ya hewani huyala yale mabomba, na kutu ikishadondokea raba nyeupe imekwisha. Kabati la chipubodi nalo hufura likipata maji. Fundi wa kutengeneza kabati la mbao halisi yupo, na kwa kweli angenifanyia kitu cha maana, ila bei yake ni ya mtu mwenye nyumba yake, si mpangaji anayeweza kuambiwa ahame.

Viatu vya ngozi vya kazini na makubadhi sikuvifungia. Vinakaa kwenye rafu wazi ya mbao karibu na mlango, vipate upepo.

Mamangu aliniachia ukuta wa ukumbini kwa sharti moja, soli isimkabili mgeni. Wapiga picha wa raba hupenda kiatu kimoja kielekee ubavu na cha pili kionyeshe chini. Kwetu hilo halipiti, kwa hiyo zote zimekaa ubavu. Nafasi inatosha, na nadhani hata zinaonekana vizuri zaidi.

Jambo jingine, ukipanga zaidi ya sita kwenda juu mnara unayumba, na ukivuta mlango wa chini kwa nguvu yote yanacheza. Gundi ya utepe wa pande mbili kati ya sanduku na sanduku inatosha kuyatuliza.

Nitaongeza mengine, ila safari hii nitakwenda na Chuck Taylor moja mkononi, niijaribu ndani ya sanduku pale pale dukani na kukagua bawaba kabla sijatoa pesa.