Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ kama gari la kukokotea tela zito: tathmini

Anayetafuta gari la dizeli la kukokotea tela zito nchini Tanzania hafiki mbali kabla hajakutana na Toyota Land Cruiser 79, ile pikapu ya milango miwili yenye springi za bapa nyuma na mkonga wa hewa ubavuni, na mara nyingi huikuta ikiwa na injini ya 1HZ. Tathmini hii inalihusu gari hilo katika kazi moja tu, nayo ni kupandisha mashine za kuchania mbao kutoka Dar es Salaam hadi Mafinga na kurudi na mbao, kwa tela la ekseli mbili ambalo likijazwa hupita tani mbili. Njia hiyo hulipima gari kwa namna nyingi: kuna joto la Chalinze, msongamano wa malori Morogoro, mwendo wa pole wa lazima ndani ya Hifadhi ya Mikumi, kisha mlima Kitonga, ambao hauna huruma kwa anayepanda wala kwa anayeshuka.

Hukumu naitoa mapema kwa ajili ya msomaji mwenye haraka. Kwa tela lenye breki zake lenyewe, lisilozidi tani mbili na nusu, linalokwenda mahali ambapo lami huishia njiani, sijaona gari ninaloliamini zaidi. Kwa tela la tani tatu na nusu linalopita milimani kila wiki, 1HZ haitoshi, na mwenye uwezo atafute toleo lenye injini nyingine.

Injini hii ilianza kufungwa kwenye Land Cruiser mwaka 1990. Ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 4.2, haina tabo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, na pampu yake ya dizeli huendeshwa kimakanika bila kutegemea kompyuta. Nguvu yake haizidi farasi 135, na msokoto wake wa juu, yaani nguvu ya kuzungusha, ni nyutoni-mita 285 kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Kwa vipimo vya leo hizo ni tarakimu za kizee, na pikapu nyingi za dizeli zenye injini ndogo zaidi huzipita. Lakini mtu akiachia klachi taratibu akiwa na tela lililojaa, gari huondoka bila kutikisika na bila kuhitaji kukanyagiwa mafuta mengi, kwa sababu injini ya ujazo huo isiyo na tabo haisubiri kitu ili ianze kuvuta. Kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo, ambako dereva husimama na kuondoka mara kwa mara, tabia hiyo ina faida kubwa kuliko idadi ya farasi.

Kwenye tambarare gari hukaa vizuri katika mwendo wa kilomita 70 hadi 80 kwa saa. Ukilidai zaidi ya hapo kelele huongezeka kuliko mwendo, na kulipita lori ni jambo la kupangwa mapema. Matumizi ya mafuta hutegemea mzigo na mguu wa dereva, lakini atakayepanga safari kwa hesabu ya lita moja kwa kilomita tano akiwa na tela lililojaa hatakwama njiani. Ndani ya kabini hakuna anasa ya kuisimulia.

Kitonga ndipo udhaifu unapoonekana wazi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa huwa nyepesi, na safari yetu inaanzia ufukweni na kuishia Mafinga, zaidi ya mita 1,800 juu. Kwa hiyo gari lile lile lililovuta kwa raha Kibaha litapanda kona za Kitonga kwa gia ya pili, likifuata malori ambayo hata hivyo hayaendi kwa kasi zaidi. Kinachopaswa kutazamwa hapo ni mshale wa joto la maji. Silinda hedi ya 1HZ, yaani kifuniko cha juu ya silinda, haipendi kuchemka, na nyufa zake hutokea zaidi kwa magari yaliyoendeshwa yakiwa yamechemka au yaliyofungiwa tabo ya nje na kuongezewa dizeli bila kupima joto la moshi. Mafundi wengi watakushauri uongeze tabo ili gari lipande vizuri. Kwa gari la kukokotea tela siukubali ushauri huo, kwa sababu tela ndilo linaloifanya injini ibebe mzigo mzito kwa dakika nyingi mfululizo, na muda mrefu wa namna hiyo ndio unaoipasua hedi. Fedha hiyo ni afadhali itumike kwenye rejeta safi na klachi ya feni inayoshika sawasawa.

Kushuka kunahitaji maelezo marefu zaidi, maana wanunuzi wengi huuliza gari linavuta tani ngapi na hawaulizi linazuia tani ngapi. Injini ya dizeli ya namna hii haina kizibo cha kubana hewa inayoingia, hivyo uwezo wake wa kulishikilia gari kwa gia ni wa wastani, ingawa ujazo wa lita 4.2 husaidia. Gia ya kushukia ichaguliwe kabla ya kilele, iwe ya pili, au hata ya kwanza pale barabara inapokunjika, na breki zikanyagwe kwa vipindi vifupi vyenye nguvu kisha ziachiwe zipoe. Anayezikalia breki mfululizo kutoka juu hadi karibu na Ruaha Mbuyuni atafika chini na harufu ya breki zilizoungua na kanyagio lisilo na kitu. Ikumbukwe pia kwamba kisaidizi cha breki cha gari hili hutegemea pampu ya vakyumu iliyofungwa kwenye oltaneta, kwa hiyo injini ikizimika mteremkoni msaada huo hubaki kwa mikanyago michache tu.

Hata dereva mwangalifu hatalishinda tela lisilo na breki. Nchini Australia, ambako Land Cruiser 79 ni gari la kawaida la kukokotea, Toyota huliruhusu toleo la dizeli lenye tabo kuvuta kilo 3,500 kama tela lina breki, na kilo 750 tu kama halina. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili linatosha kueleza mahali ulipo ukomo wa gari. Huku kwetu matela mengi yanayochomelewa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na kwingineko hutengenezwa kwa ekseli zilizotolewa kwenye pikapu chakavu, zikiwa zimevuliwa breki zote, na mwenye tela hujivunia chuma nene alichowekewa. Chuma hicho ni uzito wa ziada usio na kizuizi. Zipo breki za msukumo, ambazo hujibana zenyewe tela linapolisukuma gari, nazo ni rahisi kutengeneza na zinatosha kwa nchi tambarare. Tatizo lao ni kwamba kwenye mteremko mrefu tela hulisukuma gari muda wote, hivyo breki hizo hubana muda wote na kupata moto. Breki za umeme, zenye kidhibiti kidogo karibu na usukani, zina gharama kubwa zaidi, lakini dereva huzipanga kulingana na mzigo na anaweza kuzibana peke yake bila kugusa za gari. Tela likianza kuyumba kushoto na kulia, kulibana tela lenyewe taratibu huku ukiachia mafuta ndiyo njia ya kulinyoosha. Kukata usukani huzidisha kuyumba.

Kuyumba kwenyewe huanzia kwenye upakiaji. Takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela inapaswa kukandamiza tufe la kuungia nyuma ya gari. Mbao ndefu hushawishi watu kusogeza mzigo nyuma ili usiiguse pikapu, na hapo tela hulinyanyua gari badala ya kulikandamiza. Land Cruiser 79 husaidia kwa kuwa umbali kati ya ekseli zake ni milimita 3,180, mrefu kuliko ule wa ndugu zake wa familia hiyo hiyo, toleo la 76 na la 78, na springi zake za nyuma hazilali upesi. Lakini zisiwe sababu ya kuijaza pikapu yenyewe hadi juu na kisha kulifunga tela, kwani kilo zinazokandamiza tufe huhesabiwa pia kama mzigo wa gari. Mizani ya Vigwaza na Mikese inakusudiwa hasa malori, kwa hiyo mwenye pikapu na tela hana mazoea ya kujua uzito wake halisi. Nashauri apite kwenye mizani ya ghala au kiwanda angalau mara moja akiwa amejaza kama kawaida yake. Wengi watashangaa.

Kuna faida moja ya gari hili ambayo haisemwi sana. Matoleo mengi ya kazi yana vifungio vya magurudumu ya mbele vya kuzungusha kwa mkono. Ukiviacha vikiwa wazi na kuingiza gia nzito ya porini, nguvu huenda nyuma tu lakini kwa mwendo wa kutambaa, na hivyo unaweza kulirudisha tela zito kinyumenyume kwenye mwinuko wa ua wa kiwanda bila kuichoma klachi na bila kuukaza mfumo wa magurudumu manne juu ya sakafu ya saruji. Kwa anayerudisha tela mara kwa mara, jambo hilo huokoa klachi nzima.

Magurudumu ya 79 yana nati tano, tofauti na Land Cruiser za zamani za nati sita, na inafaa tela lijengwe kwa nati tano hizo hizo ili tairi moja ya akiba itumike kotekote. Taa nazo ziwe za volti 12, maana nyingi zinazouzwa kwa ajili ya matela ni za malori ya volti 24 na kwenye gari hili huwaka kwa unyonge usiotosha usiku.

Ukilinganisha, toleo la V8 la lita 4.5 lenye nyutoni-mita 430 hupanda Kitonga kwa raha ambayo 1HZ haiijui. Lile jipya la lita 2.8 hutoa nyutoni-mita 500 na hupatikana na gia za otomatiki, ambazo kwa anayekokota tela kwenye foleni ni nafuu kubwa kuliko watu wanavyokiri. Yote mawili yana injekta za shinikizo kubwa zisizosamehe dizeli chafu. Anayenunua mafuta kwenye vituo vinavyoeleweka aende huko bila hofu. Anayejaza kwa madumu vijijini atabaki na sababu nzuri ya kuchagua 1HZ, ambayo fundi wa mji mdogo anaweza kuifungua na kuifunga.

Kwa atakayenunua iliyotumika, akague kwanza chesi chini ya bodi, hasa karibu na vishikio vya springi za nyuma na pale kiungio cha tela kilipochomelewa, kwa kuwa gari lililokokota vibaya huacha nyufa hapo. Aulize mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, kisha aliendeshe hadi mwinuko wowote na kuliondoa kwa gia ya pili ili ajue kama klachi inateleza. Muuzaji akikataa jaribio hilo, magari ya namna hii hayajaisha mjini.