GPS ya mkononi vichakani Itigi: uzoefu wangu na Garmin eTrex 22x

Mwaka juzi nilikosa mizinga saba ya nyuki. Haikuibiwa. Ilikuwa palepale nilipoitundika, ndani ya vichaka vya Itigi, ila niliitundika Oktoba miti ikiwa mitupu, nikarudi Mei majani yamefunga kila upenyo na njia niliyoikariri haipo tena. Vichaka vile si virefu, vingi haviizidi mita tano, lakini vimesongamana kiasi kwamba mzinga ulio hatua kumi mbele huuoni. Pointi zote, yaani alama za mahali kila mzinga ulipo, zilikuwa kwenye simu. Simu ilizima saa nane mchana.

Ndipo nikanunua GPS ya mkononi, kifaa kidogo cha kukuonyesha ulipo na unakokwenda. Ninaishi Dodoma mjini, mizinga mingi iko Itigi, michache iko kwa wakwe zangu Mpwapwa, na kifaa nimeshakitumia misimu miwili.

Kabla ya yote nijibu swali ninaloulizwa kila mara: GPS haili bando. Simu na kifaa hiki vyote hupokea mawimbi ya setelaiti moja kwa moja. Zikipatikana nne unajua ulipo, hata kama mnara wa simu wa karibu uko wilaya nyingine. Na kwa usahihi, mahali penye anga wazi simu nzuri haiachwi mbali. Kama shida yako ni kujua tu shamba liko wapi, tumia simu uliyonayo, hela ibaki mfukoni.

Mimi kilichonitoa kwenye simu, ukiacha chaji, ni glovu. Wakati wa kurina, mikono yote imo ndani ya glovu nene zilizoganda asali na nta, bomba la moshi mkono wa kushoto. Kioo cha simu hakisikii kidole cha namna hiyo, na kuvua glovu nyuki wakiwa wamechachamaa sitamshauri mtu yeyote. eTrex ina vitufe ubavuni na kijiti kidogo mbele unachokisukuma kwa kidole gumba. Ukikibonyeza na kukishikilia, pointi imeingia. Nafanya hivyo bila kuvua kitu.

Kioo ni kidogo, inchi 2.2, na mtu aliyezoea simu ataona rangi zake zimepauka. Kipeleke juani saa saba mchana ndipo utaelewa. Kimetengenezwa kutumia mwanga wa jua, kwa hiyo jua likizidi, maandishi yanazidi kusomeka. Simu yangu saa hiyo hiyo inakuwa kioo cha kujitazamia.

Sasa betri, na hapa ndipo ningemwomba mnunuzi atulie. Inatumia AA mbili, na kiwandani wanasema hufika saa 25. Safari ya kwanza nilinunua betri za bei rahisi dukani njiani, zikaisha kabla sijafika mzinga wa tatu. Tangu siku hiyo natumia za kuchaji, jozi tatu, nazichaji nyumbani kabla ya kuondoka. Ukizitumia hizo, ingia kwenye mipangilio uchague aina ya betri, NiMH (ndilo jina la betri hizo za kuchaji), la sivyo kipimo cha chaji kinakudanganya na kuanza kulalamika mapema. Zikiisha porini nazungusha pete ya nyuma, naweka nyingine, naendelea. Kwangu hilo peke yake linatosha kukipenda kifaa hiki.

Kitu cha kukijua kabla ya kulipa: 22x haina dira ya ndani. Mshale unajua unakoelekea ukiwa unatembea tu, ukisimama, usiuamini. Kwenye vichaka vya Itigi mtu anapiga hatua tatu anasimama kukata tawi, kwa hiyo mimi nina dira ya kawaida shingoni. Ndugu yake, 32x, ina dira ya kielektroniki na kipimo cha mgandamizo wa hewa kwa ajili ya mwinuko. Kama una uwezo wa kuongeza hela, ongezea hapo. Ramani za ndani sikuzihitaji, ingawa unaweza kuweka za bure za OpenStreetMap kwa memori kadi.

Kilichonifundisha zaidi hakikuwa kifaa, bali namba. Shemeji yangu wa Mpwapwa alitundika mzinga kwenye mbuyu, akanisomea kodineti za UTM kwa simu, yaani namba za mahali zinazohesabiwa kwa mita ndani ya kanda, kwa kuwa UTM huigawa dunia katika kanda. Nikaziingiza Dodoma, nikabonyeza kifaa kinipeleke. Kikanionyesha mzinga uko kama kilometa 580 magharibi, huko upande wa Ziwa Tanganyika. Nilikaa na zile namba usiku ule mezani mpaka nikaelewa. Mstari wa nyuzi 36 mashariki, ambao ni mpaka wa kanda mbili za UTM, unapita kati ya Dodoma mjini na Mpwapwa. Mjini tuko kanda ya 36, Mpwapwa wako kanda ya 37, na ukivuka mstari ule namba ya kwanza inaanguka ghafla kutoka laki nane na thelathini na kitu hadi laki moja na sitini na kitu. Shemeji alinipa namba zote isipokuwa ile ya kanda, nami nikaweka ya kwangu. Kwa anayefanya kazi kati ya Dodoma, Kongwa na Mpwapwa, andika kanda kila mara, au tumia nyuzi za desimali uachane na kanda kabisa.

Na anayetumia zile ramani za zamani za karatasi, aangalie pembeni. Nyingi zimechorwa kwa Arc 1960, wakati kifaa kikitoka dukani kiko kwenye WGS84; hizi ni misingi miwili tofauti ya kupimia mahali duniani. Usipobadilisha, pointi inahama karibu mita 300. Kule vichakani, mita 300 ni nusu siku ya panga.

Mipaka ya kiwanja usipime nayo. Ikikuonyesha kosa la mita tatu hadi tano imefanya kazi yake vizuri, na jirani hatakubali mita tano.

Msimu uliopita niliingia na pointi 43. Ile mizinga saba yote niliipata, mitano ikiwa na nyuki. Kila pointi sasa naipa namba ya mzinga na jina la mti, M12 MNINGA, M13 MBUYU, kwa sababu kifaa kikishanifikisha, hatua tano za mwisho bado ni za macho.