Kununua RAM ya Kompyuta ya Mezani: Usidanganywe na Namba ya Kasi

Anayekwenda dukani kununua RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, huonyeshwa kwanza namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi: 3200, 5600, 6000, 7200. Namba hiyo hueleza ni mara milioni ngapi kwa sekunde kila waya wa data unaweza kupeleka biti moja. Haielezi kama prosesa na ubao mama ulio nao vitaweza kuzipokea biti hizo kwa wakati wake, na hapo ndipo fedha za wanunuzi wengi hupotelea.

Katika RAM ya DDR, aina inayotumika kwenye kompyuta za mezani, data husafiri mara mbili kwa kila pigo la saa: pigo linapopanda na linaposhuka. RAM ya 6000 basi huendeshwa na saa ya megahetsi 3000, na kila biti hukaa kwenye waya kwa pikosekunde 167 hivi. Ishara ya umeme hutumia takriban pikosekunde 60 hadi 70 kupita sentimita moja ya ubao mama, kwa hiyo waya ukizidi wenzake kwa sentimita mbili na nusu tu, biti yake itafika wakati wenzake wameshaanza kufikisha biti inayofuata. Ukiutazama kwa karibu ubao mama, kati ya prosesa na nafasi za RAM, utaona baadhi ya njia za shaba zimepindwapindwa makusudi ili zote zilingane urefu.

Hata hivyo urefu pekee hautoshi. Kila kundi la nyaya za data huwa na ishara yake ya kuonyesha wakati, iitwayo strobu, ambayo hutumwa pamoja na data yenyewe, ilhali ishara ya saa hupita chipu moja baada ya nyingine kama daladala inayosimama kila kituo, hivyo chipu ya mwisho huipata ikiwa imechelewa. Ili kufidia tofauti hizo, kompyuta inapowashwa hupima ucheleweshaji wa kila chipu na kuurekebisha. Katika mashine za DDR5, kizazi cha DDR kilichofuata DDR4, kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa mara ya kwanza baada ya kuweka RAM mpya, huku kioo kikiwa cheusi kabisa. Subiri kwanza, kabla ya kukimbilia dukani kudai kwamba umeuziwa kibovu.

Kwa anayeunda mashine mpya, nafasi ya kwanza naipa jozi ya vipande viwili vya DDR5-6000 vyenye CL30. CL ni idadi ya mapigo ambayo RAM husubiri kabla ya kutoa data iliyoombwa, na muda halisi hupatikana kwa kuzidisha CL kwa 2000, kisha kugawanya kwa namba ya kasi. Kwa jozi hii jibu ni nanosekunde 10. DDR5-4800 ya CL40 husubiri nanosekunde 16.7, wakati DDR4-3200 ya CL16, ya kizazi kilichotangulia, husubiri 10 zilezile. Kasi ya 6000 haiji yenyewe: ni lazima uingie kwenye BIOS (ukurasa wa mipangilio ya ubao mama) na kuwasha XMP au EXPO, yaani mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe, la sivyo RAM itatembea kwa kasi ya chini iliyowekwa kiwandani na utakuwa umelipia usichokitumia.

Ya pili ni jozi ya DDR4-3200 ya CL16, kwa mwenye ubao unaoikubali. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini pengo la katikati liko mahali tofauti, kwa hiyo kimoja hakiingii kwenye nafasi ya kingine. Sioni sababu ya kubadilisha ubao mzima kwa ajili ya RAM peke yake. Mwenye kompyuta ya ofisi iliyotumika, kwa mfano yenye Core i5-8500, ajue kwamba prosesa hiyo imewekewa kikomo cha 2666. RAM ya 3200 itafanya kazi, ila itashuka hadi hapo. Kwake yeye, vipande viwili badala ya kimoja vina faida kubwa zaidi, kwa kuwa hufungua njia mbili za data kwa pamoja.

Nafasi ya tatu ni ya CUDIMM, vipande vya DDR5 vya kuanzia 6400 vyenye chipu ndogo inayoipokea ishara ya saa na kuitoa upya ikiwa safi. Prosesa za Core Ultra 200S za Intel, zilizotoka mwishoni mwa 2024, huitumia vizuri. Ryzen 9000 za AMD huiruka chipu hiyo, kwa hiyo mwenye AMD asiilipie.

Ya mwisho kabisa ni vipande vinne. Kila viwili hulazimika kugawana nyaya zilezile na ishara huharibika. AMD yenyewe hushusha kikomo rasmi cha Ryzen 7000 kutoka 5200 hadi 3600 nafasi zote nne zinapojazwa. Anayetaka GB 64 anunue viwili vya GB 32, vilivyofungwa boksi moja, kwa sababu vipande vya jina lilelile vilivyonunuliwa nyakati tofauti vinaweza kuwa na chipu tofauti ndani. Kwenye ubao wa nafasi nne, kwa kawaida huwekwa kwenye ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwa prosesa: hapo ndipo nyaya huishia, na ncha iliyoachwa wazi hurudisha mwangwi wa ishara.

Kabla ya kulipa, tafuta namba ya modeli kwenye orodha ya RAM zilizojaribiwa na mtengenezaji wa ubao wako, kisha mwulize muuzaji muda wa kurudisha bidhaa. Ndani ya muda huo endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Likitokea kosa hata moja, zima XMP au EXPO na ujaribu tena. Kosa likibaki, irudishe.