Nusu siku katika chumba cha giza, Mji Mkongwe

Katika ghorofa ya tatu ya nyumba moja ya Mji Mkongwe, si mbali na Forodhani, yupo mzee mstaafu anayepokea wageni wachache kwa siku na kuwapitisha katika historia ya picha, kuanzia tundu la dirishani hadi sinema. Mlangoni hana kibao, nami sitamtaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema huenda yasimpendeze. Nilikwenda Jumamosi iliyopita pamoja na binti yangu wa miaka tisa. Mimi nililipa shilingi elfu ishirini na mtoto elfu kumi, tukakaa huko karibu saa nne.

Fedha hizo zinarudi zote katika chumba cha kwanza. Ni chumba kirefu chenye dirisha moja linalotazama bahari, na dirisha hilo limezibwa kwa ubao mweusi wenye tundu dogo katikati. Mzee hufunga mlango, hunyamaza, na huwaacha wageni gizani mpaka macho yazoee. Kwa dakika mbili tatu hatukuona kitu. Kisha ukuta uliolielekea dirisha ukaanza kuonyesha mabati ya mapaa, nguo zilizoanikwa, na bahari ikiwa juu mahali pa mbingu, na vyote vilikuwa na rangi zake. Likapita jahazi, tanga likielekea chini. Binti yangu akauliza, “Babu, mbona linakwenda kichwa chini?” Akamjibu, “Mjukuu wangu, jahazi liko sawasawa. Nuru ndiyo haijui kupinda.” Akamweleza kuwa mwale utokao ncha ya mlingoti hupita tunduni ukiteremka, na utokao majini hupita ukipanda, ndiyo maana vya juu na vya chini hubadilishana nafasi. Pande nazo hubadilishana vivyo hivyo: jahazi lile lilikuwa likielekea kaskazini, lakini ukutani likaenda kusini.

Anavyo vipande vya kadibodi anavyovibadilisha pale tunduni. Tundu la ukubwa wa punje ya mtama hutoa picha kali lakini hafifu, la ukubwa wa choroko hutoa picha yenye mwangaza zaidi lakini iliyofifia kingo, na mwisho huweka lenzi, jambo lililoanza kufanywa Ulaya katika karne ya 16, ukuta mzima ukang'aa. Sijapata kuona somo la nuru lililopangwa vizuri kuliko hilo, na mimi nimesomesha skuli miaka kumi na minne.

Hapo ndipo humtaja Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake Misri mwanzoni mwa karne ya 11, na anastahili kutajwa, kwa kuwa alilichunguza jua lililopatwa kwa kuipitisha nuru yake katika tundu, akaeleza sababu ya umbo lililoonekana. Lakini mzee huongeza kwamba neno “kamera” limetokana na Kiarabu “qamara”. Si kweli. Neno hilo ni la Kilatini lenye maana ya chumba, na Walatini walilipata kwa Wagiriki. Mwanachuoni huyo hahitaji kuongezewa sifa zisizo zake, na mgeni akiligundua kosa hili dogo ataanza kuyatilia shaka hata yaliyo sahihi.

Alilolielewa mzee huyu, na ambalo maonyesho mengi ya picha huliruka, ni kwamba picha yenyewe ilikuwa imejulikana kwa karne nyingi, na kilichokosekana ni namna ya kuizuia isiondoke. Maelezo yake yote ya chumba cha pili yamejengwa juu ya hilo. Huanza na Nicéphore Niépce wa Ufaransa ambaye, mwaka 1826 au 1827, alipaka lami bamba la metali, akaliacha ndani ya kamera kwa saa nyingi mbele ya dirisha la nyumba yake, kisha akaiosha lami ambayo haikugandishwa na mwanga. Hufuata Louis Daguerre, ambaye njia yake ilitangazwa Paris mwaka 1839: bamba la shaba lililopakwa fedha, mvuke wa ayodini kabla ya kupiga, na mvuke wa zebaki baadaye ili picha ijitokeze. Picha hiyo haikuwa na nakala. William Henry Fox Talbot wa Uingereza ndiye aliyepita njia ya karatasi na negativu, yaani picha iliyogeuzwa, nyeupe ikiwa nyeusi, ambayo huweza kutolewa nakala, na negativu ndogo aliyoipata mwaka 1835 ilikuwa ya dirisha la nyumbani kwake. Madirisha mawili, Ufaransa na Uingereza, yanasimuliwa ukiwa umetoka kusimama mbele ya la tatu. Nilipenda sana mpangilio huo.

Kisha tukapanda darini kutengeneza picha ya buluu. Njia hii iligunduliwa na John Herschel mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins alianza kuitumia kutolea kitabu cha picha za mwani wa Uingereza. Karatasi hupakwa mchanganyiko wa chumvi mbili zenye chuma, hukaushwa gizani, kitu hulazwa juu yake, na jua hufanya kazi iliyobaki. Palipopigwa na mwanga hugeuka buluu, palipofunikwa hubaki peupe baada ya kuoshwa. Haihitaji dawa nyingine ya kusafishia isipokuwa maji ya mfereji, na kwa jua letu la saa nne asubuhi dakika chache zilitosha.

Mzee hutoa mwani wa Paje, akimkumbuka Bi Atkins, na wazo ni zuri kuliko matokeo yake. Mwani wetu wa kulimwa ni mnene na una maji, kwa hiyo haulali juu ya karatasi, na picha yangu ilitoka kama doa la wino. Binti yangu alichuma jani la mwarobaini uani, akalibana chini ya kioo, na lake lilitoka na vishipa vyote. Anayekwenda achukue jani. Aulizie pia karatasi zilipakwa lini, kwani mbili kati ya tano tulizopewa zilikwisha kuingiwa na unyevu, zikatoka na mabaka.

Sehemu ya picha zinazokwenda ndiyo dhaifu. Kuna ngoma ya kuzungusha aliyoitengeneza kwa kopo la maziwa ya unga, lenye mianya pembeni na, ndani yake, farasi aliyepigwa picha na Eadweard Muybridge huko California mwaka 1878 kwa kamera 12 zilizopangwa mstari. Mtoto aliizungusha mpaka akaambiwa basi. Baada ya hapo maelezo yanakimbia: Edison wa Marekani na kisanduku chake cha kuchungulia picha zinazokwenda, mtu mmoja mmoja, hatajwi kabisa, na ndugu Lumière wa Ufaransa, walioonyesha sinema kwa watu wengi pamoja, wanapewa dakika tano tu. Onyesho lao la kulipia la tarehe 28 Disemba 1895 linasimuliwa eti watazamaji walikimbia walipoona treni likiwajia. Filamu ya treni haikuwamo katika onyesho la siku hiyo, na hadithi ya watu kukimbia haina ushahidi wa kuaminika.

Langu jingine ni kwamba ukitoka humo unaweza kudhani picha ilikuja Unguja pamoja na watalii. Msafara wa Kapteni Charles Guillain wa Ufaransa ulizunguka pwani hii kati ya 1846 na 1848, Seyyid Said akiwa hai, ukiwapiga watu picha kwa njia ile ile ya Daguerre, haijapita hata miaka kumi tangu itangazwe. Studio ya Gomes ilikuwa mjini katika karne hiyo hiyo ya 19, na Capital Art Studio iko barabara ya Kenyatta tangu 1930, mwendo wa dakika chache kutoka mlangoni kwake. Nilipomuuliza, alisema wageni hawaulizi. Sisi tumeuliza.

Kuhusu muda, wahini asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, kwa kuwa dirisha linatazama magharibi na alasiri jua huingia moja kwa moja tunduni, likaharibu yote. Siku ya mawingu mazito ni afadhali kuahirisha. Ngazi ni za mwinuko mkali na hazina pa kushika. Malipo ni taslimu, na Ijumaa hafungui.