TAHADHARI: Anauza rivolva za zamani "zilizofufuliwa", chini ya rangi mpya kuna bastola iliyoungua moto

Ndugu zangu mnaotafuta rivolva (bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka) ya kuziba pengo la ile mliyoiuza, someni hili kabla hamjatuma hela kwa mtu yeyote. Kuna muuzaji anayejitangaza kuwa anafufua rivolva kuukuu. Anazisugua, anazirudishia rangi ya buluu (ule weusi-samawati wa chuma cha bastola), kisha anaziuza kama kazi ya fundi bingwa. Nilinunua kwake. Chini ya ile buluu ya kuvutia kulikuwa na bastola iliyowahi kuungua moto, na fundi wa silaha aliyeifungua amenipa maandishi kwamba isifyatuliwe tena kamwe. Muuzaji amegoma kurudisha fedha, amebadilisha jina la akaunti, na ameshaweka nyingine sokoni.

Jina lake halitawasaidia kwa sababu halidumu. Mtindo wake ndio usiobadilika, kwa hiyo nitaueleza huo.

Kwanza, anawafuata wenye majuto. Mimi niliandika kwamba natafuta Smith & Wesson Military & Police ya risasi za .38 Special, mtutu wa inchi 4, ya kabla ya 1957, kwa kuwa niliwahi kuwa nayo nikaiuza na roho haijatulia tangu hapo. Nilisema pia kwamba sihitaji iliyo mpya. Nilitaka iliyochakaa lakini nzima ndani, niipeleke kwa fundi aifanye upya taratibu. Akanijibu kwa upole kabisa, akauliza ile yangu ilikuwaje: mpini wake, urefu wa mtutu, hata alama zilizokuwa ubavuni. Kisha akasema anayo inayofanana nayo kama pacha, na kazi ya kuifanya upya imeshakamilika. Mtu mwenye kiu ya kitu fulani akisikia maneno hayo, maswali mengi humtoka kichwani. Huyu bwana analijua hilo, na ndiyo biashara yake.

Kwake ni rahisi kupata "pacha". Military & Police ilianza kutengenezwa 1899, ikapewa jina la Model 10 mwaka 1957, na kwa jumla zimetengenezwa zaidi ya milioni 6. Katika wingi huo zipo zilizoliwa na kutu, zilizokaa kwenye maji, na zilizotolewa kwenye nyumba zilizoungua. Hizo hupatikana kwa bei ya vyuma chakavu. Ukiwa na gurudumu la kusugulia na bafu la chumvi za moto, unaweza kuzipa sura mpya kwa muda mfupi.

Hapa naomba tuelewane vizuri kuhusu moto, kwa sababu ndiyo hatari yenyewe. Silinda na fremu ya rivolva havitegemei unene wa chuma peke yake. Chuma hicho kimepitishwa kwenye joto na kupozwa kwa utaratibu kiwandani ili kipate ugumu unaotakiwa bila kuwa chepesi kuvunjika. Moto wa nyumba unaweza kupita nyuzi 600 za Selsiasi, na unaharibu kazi hiyo yote bila mpangilio: sehemu moja inalainika, nyingine inapinda, springi zinakufa. Sasa linganisha na buluu ya moto inayotumika viwandani na kwa mafundi wengi. Hiyo ni bafu la magadi makali na chumvi za naitreti linalochemka kwenye nyuzi 140 hivi. Linabadilisha uso wa chuma kuwa tabaka jembamba la oksidi nyeusi, basi. Joto lake haliwezi kurudisha ugumu uliopotea. Linafunika tu alama ambazo zingekuonya.

Na bado ndani ya silinda hiyo utaweka risasi. Kwa .38 Special ya kawaida, kikomo cha mgandamizo kilichowekwa na SAAMI, taasisi ya viwango ya watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani, ni paundi 17,000 kwa inchi ya mraba. Hiyo ni nguvu inayotakiwa kuzuiwa na chuma kilicho mbele ya uso wako. Mtu anayeificha historia ya moto akijua kwamba mwenzake ataifyatua, kwangu mimi hana tofauti na anayekuuzia gari huku akijua breki zimekatwa.

Nilishtuka baada ya bastola kufika. Kwenye picha ilikuwa imepakwa mafuta mengi na kupigwa picha pembeni mwa dirisha, mwanga unateleza juu yake, huwezi kuona kingo. Mkononi ilikuwa habari nyingine. Kingo za fremu zilikuwa za mviringo, wakati kiwandani huwa kali. Matundu ya skrubu yalikuwa yamebonyea kama visahani, kwa sababu gurudumu la kitambaa huvuta chuma laini ukingoni mwa tundu. Maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu yalikuwa yanasomeka upande mmoja na kufifia upande mwingine. Nembo ya kiwanda ilibaki kivuli. Hizo peke yake ni dalili za msuguaji mwenye haraka, na bastola iliyosuguliwa kwa haraka bado inaweza kuwa salama. Kilichonitia wasiwasi zaidi ni nyundo na triga. Smith & Wesson za miaka ile zilitoka kiwandani na nyundo na triga zenye rangi za mawimbi, mchanganyiko wa kijivu, kahawia na samawati unaotokana na kugumishwa kwa moto, na hazikutiwa buluu wala nikeli. Za hii zilikuwa nyeusi tii kama fremu. Kuna aliyezichovya zote pamoja, na fundi anayeijua bastola hii hafanyi hivyo labda awe anafuta kitu.

Fundi wangu alipofungua kifuniko cha ubavuni hakuhitaji muda mrefu. Pembeni, ambako gurudumu haliwezi kufika, kulikuwa na magamba ya kuungua yaliyopitiwa na buluu juu yake. Springi kuu ilikuwa imelegea, nyingine zilikuwa mpya. Skrubu zote zilikuwa mpya. Vibao vya mpini vilikuwa vya zama nyingine na namba yake haikuwamo. Kwa bastola za umri huu, ndani ya kibao cha kulia ndiko namba ya silaha huandikwa au kugongwa. Akapima ugumu wa silinda kwa mashine ya Rockwell akilinganisha na silinda nyingine ya kipindi hicho hicho aliyokuwa nayo. Yangu ilikuwa laini kuliko inavyotakiwa, tena haikulingana sehemu kwa sehemu. Akaifunga, akaniandikia ripoti, akaniambia niihesabu kuwa pambo.

Nilipompelekea muuzaji ripoti hiyo alisema eti yeye aliuza "rangi", na rangi haina kasoro. Baadaye akasema nimebadilisha silinda mwenyewe. Baadaye kabisa akanifungia mawasiliano.

Sasa, sitaki mtu aondoke hapa akidhani kuifanya upya rivolva ya zamani ni utapeli. Naipenda kazi hiyo, na ndiyo maana suala hili linaniuma. Fundi mwaminifu huvunja bastola yote kwanza na kuikagua kabla hajagusa msasa. Husugua kwa mkono akitumia msasa uliozungushiwa kipande kigumu, akifuata umbo la asili, ili sehemu bapa zibaki bapa na kingo zibaki kingo. Akikuta kishimo cha kutu kilichozama karibu na herufi, atakuuliza: tukiache, au tupoteze herufi? Wapo wanaofanya buluu ya kutu kwa njia ya zamani: wanaacha chuma kishike kutu nyembamba, wanakichemsha kwenye maji mpaka wekundu ugeuke weusi, wanakisugua kwa nyuzi laini za chuma, kisha wanarudia na kurudia mpaka rangi ikolee. Ni kazi ya subira na matokeo yake ni mazuri mno. Hata kiwanda chenyewe kimefanya upya bastola nyingi zilizorudishwa. Smith & Wesson zilizorudishwa kiwandani ziligongewa nyota kando ya namba ya silaha chini ya mpini, na mara nyingi tarehe ya kazi hiyo iligongwa kwenye fremu chini ya vibao. Nyota hiyo haipunguzi heshima ya bastola hata kidogo. Inasema ukweli.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu anayeuza rivolva iliyofanywa upya ni moja na ni rahisi: naomba picha za kabla. Fundi wa kweli anazo, tena anajivunia, kwa sababu ndizo zinazoonyesha ukubwa wa kazi aliyofanya. Yule wangu alisema simu yake ya zamani iliharibika. Nimeongea na mwingine aliyefanya naye biashara, naye aliambiwa hivyo hivyo, neno kwa neno. Kwenye tangazo jipya nililoliona, mtu alipoomba picha hizo hakujibiwa kitu.

Baada ya picha za kabla, omba picha za fremu vibao vikiwa vimetolewa na, kama muuzaji anadai yeye ni fundi, picha ya ndani kifuniko kikiwa kimefunguliwa. Kwa fundi hilo ni jambo dogo. Omba namba ya silaha ilivyo kila mahali inapopaswa kuwa: chini ya mpini, mgongoni mwa silinda, na chini ya mtutu pale fimbo ya kutolea maganda inapolala. Zikitofautiana, una bastola iliyoungwa kutoka bastola mbili. Zikiwa zimefifia kwa kusuguliwa, usiiguse kabisa, hata kwa bei ya bure. Nchi nyingi huchukulia namba iliyofutwa au kubadilishwa kuwa kosa la anayemiliki silaha. Marekani ni kosa la sheria ya shirikisho. Utakayekutwa nayo ni wewe, yeye akiwa ameshabadilisha jina tena.

Akikwambia ni rangi ya awali ya kiwandani na haijaguswa (wakati mwingine anabadilisha wimbo na kusema hivyo), ipo njia ya kupata ushahidi. Wakfu wa historia wa Smith & Wesson hutoa barua kwa bastola zao za zamani, na Colt, watengenezaji wengine wa bastola, nao wana huduma ya kumbukumbu kwa za kwao. Barua huonyesha bastola ilitoka kiwandani lini, ikiwa na mtutu wa urefu gani na rangi gani. Bastola iliyotoka na buluu leo ikiwa na nikeli, imepitia mikono ya mtu. Na nikeli inayomenyuka ikaacha wekundu wa shaba chini yake mara nyingi ni ya karakana ya nje, si ya kiwanda. Boksi la asili nalo usiliamini kwa sura; maboksi mengi ya Smith & Wesson yaliandikwa namba ya silaha kwenye kitako chake, geuza uangalie.

Buluu ya baridi, ile ya kupaka kwa kitambaa, anaitumia pia kuficha sehemu alizozikwangua baada ya bafu. Ina harufu yake kali, na chini ya jua inaonekana tofauti na sehemu za jirani. Futa kwa kitambaa cheupe chenye mafuta. Ikitoka nyeusi, umeshajua.

Kuhusu malipo, alinisukuma nitume kwa njia isiyorudishika, akadai anipunguzie bei nikikubali. Pia hakutaka muuzaji wa silaha mwenye leseni akae katikati yetu. Hapo nilikataa, na ndiyo sababu leo nina karatasi za uhamisho zenye tarehe na maelezo yake. Msikubali kamwe kupokea silaha nje ya utaratibu wa sheria ya mahali mlipo. Zaidi ya kwamba ni kosa, mnapoteza ushahidi pekee mlio nao. Andikeni kwenye makubaliano kwamba fundi wa silaha ataikagua kabla fedha haijaachiwa, na kwamba "haijawahi kuungua wala kuchomelewa". Mtu mwaminifu atatia saini sentensi hiyo bila kusita.

Kwa wale ambao tayari mmenunua kwake: msiifyatue. Hakikisheni haina risasi, itengeni, mpelekeeni fundi aifungue na kupima ugumu. Msimwachie mtoto wa ndugu aichukue kwa mazoezi eti kwa sababu ilishafyatuliwa ikavumilia. Chuma kilicholainika kinaweza kutanuka kidogo kidogo kila risasi inapopita. Mkihitaji ripoti yangu ili kuilinganisha na yenu, nitawapa, namba ya silaha ikiwa imefunikwa. Malalamiko yangu nimeshayafikisha polisi na kwa kampuni iliyopitisha malipo, na wote wamesema yakiwepo ya watu wengine yataunganishwa.

Tangazo lake la sasa ni la inchi 4 nyingine, limeandikwa "imefufuliwa kwa mapenzi, ndani na nje", na vibao vyake vya mpini ni vipya kabisa.